Muulize Mwalimu: Ojalá siyo ile Inshallah unayoijua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naongoza watalii hapa Arusha ila kwetu hasa ni Pangani, na Kihispania nimeanza kukisoma mwaka juzi baada ya kuona wageni wa huko wanaongezeka halafu sisi wa kuwaelewa hatupo. Sasa mwezi uliopita nilikuwa na wageni wanne kutoka Sevilla, watu wazuri sana, tumezunguka Tarangire tukaja kulala Karatu, jioni tunakula mama mmoja akaniuliza "¿Mañana salimos a las seis?" nikamwelewa vizuri kabisa kwamba anauliza kesho tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nami kwa vile nilishasoma mahali kwamba ojalá ndo Inshallah yao nikamjibu kwa furaha zote "Ojalá, señora". Basi yule mama akanyamaza, akamgeukia mumewe wakanong'ona, mume akaja kuniuliza gari lina shida gani. Nikasema gari zima. Akauliza, au geti la Ngorongoro limefungwa? Nikasema hapana. Ikabidi nimwite mwenzangu anisaidie kwa Kiingereza ndo wakatulia, na asubuhi tuliondoka kwa wakati wake, ila mi nimebaki na dukuduku mpaka leo. Kosa langu nini? Mbona kwetu Inshallah ndo jibu la heshima la mtu anayeahidi jambo la kesho? Halafu wameshafika kwao wamenitumia meseji: "Ojalá volvamos algún día". Sasa hapo wanarudi au hawarudi, na niwajibuje?
Mwongoza watalii, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimefurahi kwa sababu hili neno mi nalipenda kuliko neno lolote la Kihispania, na kosa ulilofanya ni la mtu anayefikiri, siyo la mtu mvivu. Aliyekwambia ojalá ni Inshallah hakukudanganya moja kwa moja, alikupa ukoo wa neno akasahau kukupa kazi yake.

Tuanze na ukoo. Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711, na dola ya mwisho ya Kiislamu kule, yaani Granada, ilianguka Januari 1492. Hiyo ni karibu miaka 800, na Sevilla ya hao wageni wako ilikuwa mji wa Kiislamu kwa zaidi ya miaka 500 mpaka 1248. Watu wakikaa pamoja muda wote huo lugha haziwezi kubaki kila moja na chumba chake, we mtu wa pwani hili hulihitaji kufundishwa. Ndo maana Kihispania kimejaa maneno ya Kiarabu, na ojalá ni mojawapo.

Sasa hapa nisikilize kwa makini maana ndo penye jibu lako. Inshallah ni "in sha'a Allah", Mungu akipenda. Lakini ojalá, kwa maelezo ya kamusi ya Akademia ya Kihispania yenyewe, haikutoka kwenye "in", imetoka kwenye "law", yaani "law sha Allah" kwa Kiarabu kilichosemwa Andalusia, yaani Hispania ile ya Waislamu. Na hiyo "law" we unayo mdomoni kila siku, ni "lau" yetu! Lau ningejua, lau angekuja, lau kama mvua isingenyesha. Ukisema "akija" mlango uko wazi, anaweza kuja. Ukisema "lau angekuja" kila anayekusikia anajua mtu hayupo, au kuja kwake ni kwa shida. In na lau zote mbili ni za sharti lakini moja inaegemea kwenye matumaini, nyingine inaegemea kwenye hamu ya kitu ambacho huna uhakika nacho. Kwa hiyo ojalá na Inshallah wamezaliwa nyumba moja ila mmoja amechukua tabia ya in na mwingine tabia ya lau.

Basi rudi mezani Karatu. Yule mama kauliza kesho tunaondoka saa kumi na mbili, we ukajibu ojalá, yeye akasikia "laiti ingewezekana!" Yaani mtu mwenye gari, mwenye ratiba, mwenye funguo, anaulizwa muda wa safari anajibu kwa kutamani. We ungekuwa mgeni ungelala? Mumewe alikuwa na haki kabisa kuuliza kama gari ni bovu.

Ojalá haiahidi. Hili liandike kwenye daftari lako kwa wino. Inshallah ya kwetu inaambatana na ahadi, mtu anasema nitakuja kesho Inshallah, maana yake nimeshapanga, nimebakiza idhini ya Mwenyezi Mungu tu (najua kuna wanaoitumia kukwepa, lakini hao ndo walioiharibia jina, asili yake siyo hiyo). Ukitaka Inshallah ya namna hiyo kwa Kihispania wanayo, inaitwa "si Dios quiere", neno kwa neno Mungu akipenda, na wazee wao wanaisema vilevile kama bibi zetu wanavyosema: "Nos vemos mañana, si Dios quiere", tutaonana kesho Mungu akipenda. Vijana hawaitumii sana, lakini ukiisema hakuna atakayeshtuka. Pale mezani ungejibu "Sí, señora, a las seis en punto, si Dios quiere" yule mama angelala usingizi wake vizuri. Na hongera kwa kukumbuka kwamba seis yao ni saa kumi na mbili yetu, nimeona wengi wakiachwa na wageni kwa hilo.

Ojalá sasa inafanya kazi gani? Inafanya kazi ya maneno yetu kadhaa kwa pamoja, na kinachoamua ni kitenzi kinachokuja nyuma yake, kwa sababu ojalá yenyewe haibadiliki hata herufi moja, haina umoja wala wingi wala nafsi.

Ukitamani kitu ambacho bado kinaweza kutokea, unaweka kitenzi kwenye umbo lile ambalo sisi tunamalizia na -e, kama aje, ashinde, tufike. Na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Vitenzi vyao vya kundi la -ar (yaani vinavyoishia hivyo kwenye kamusi, kama ganar, kushinda) vinageuza a kuwa e kama vyetu tu: "gana" ni anashinda, "gane" ni ashinde. "Llega" ni anafika, "llegue" ni afike. Unaona? Ojalá gane, Mungu ajaalie ashinde. Wanafunzi wengine wanalia machozi na somo hili, mwanafunzi Mswahili ukimwambia "ni ile -e yako ya nyumbani" anacheka anaendelea. Ila tahadhari, vile vya -er na -ir vinafanya kinyume, e inakuwa a: "come" anakula, "coma" ale, "vive" anaishi, "viva" aishi. Na vipo vinavyopinda katikati, "viene" anakuja inakuwa "venga", "llueve" mvua inanyesha inakuwa "llueva". Hivyo ni vya kukariri tu, hamna njia ya mkato, kama vile mgeni anavyolazimika kukariri kwamba sisi tunasema "arudi" na siyo "arude".

Kwa hiyo Ojalá llueva mañana, Mungu ajaalie kesho mvua inyeshe. Na mwiko mkubwa, usiseme "ojalá viene" wala "ojalá llueve". Hilo ni kama kusema "Mungu ajaalie mvua inanyesha", sikio linakataa.

Ukitamani kitu ambacho hakipo sasa hivi au unakiona mbali, unakwenda kwenye umbo lao linalofanya kazi ya -nge- yetu. Ojalá tuviera tiempo, laiti ningekuwa na muda. Sina, na wewe unajua sina. Angalia tofauti ya hizi mbili: "Ojalá venga" na "Ojalá viniera". Zote mbili nataka aje. Ya kwanza naangalia barabarani kwa sababu huenda anatokea, ya pili nimeshakaa ndani, nasema tu laiti angekuja. Nakumbuka nikiwa masomoni nilikaa na mwenzangu wa Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika inayozungumza Kihispania, ilikuwa chini ya Hispania mpaka 1968, basi huyu dada kila simu ikichelewa kutoka kwao Malabo alikuwa anaanza na "ojalá llamen", na wapige, na ikifika usiku sana anabadilisha "ojalá llamaran", laiti wangepiga. Hakuniambia kitu kingine, kwa kitenzi tu nilikuwa najua matumaini yake yamefika wapi. Mi sarufi hiyo niliielewa kutoka kwake, kwenye kitabu ilikuwa imenishinda.

Na ukijutia kilichopita, ni -ngali- au -ngeli-: Ojalá hubiera traído el paraguas, laiti ningalileta mwavuli. Umeshalowa, hakuna la kufanya.

Kuna na moja ya katikati ambayo vitabu huwa vinairuka lakini wewe utaihitaji sana kwenye kazi yako, pale mgeni ameshaondoka na hujui kama kafika: Ojalá hayan llegado bien, natumai wamefika salama.

Neno lenyewe "laiti", kwa kuwa tumelitaja, nalo ni la Kiarabu, "layta". Kwa hiyo Waswahili na Wahispania walikwenda duka moja kununua neno la kutamani, sisi tukachukua layta, wao wakachukua law pamoja na jina la Mungu. Ila kwao jina hilo limejificha siku nyingi mno, Mhispania asiye na dini kabisa anasema ojalá mara ishirini kwa siku na wengi hawajui kama ndani yake mna Allah. Kwa hiyo ukilisikia usidhani mtu anaomba dua, na wewe Mkristo au Mwislamu usiogope kulisema.

Matamshi nayo. Lugha yetu inakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wako utataka kusema o-JA-la. Kataa. Ni o-kha-LÁ, nguvu zote mwishoni, ndo maana pale juu ya a wameweka alama. Mswahili anaijua nguvu ya mkazo, neno barabara ukilikaza pengine ni njia ya magari, ukilikaza pengine ni sawasawa kabisa. Na hiyo j ni kh ya kheri ile ya wazee wa Pangani, siyo j ya jana. Zamani waliandika oxalá, na x ilikuwa inasomwa sh, yaani "oshalá", hapo ile "sha Allah" ilikuwa bado inasikika. Baadaye sauti ikahamia kooni na mwaka 1815 Akademia ikabadilisha tahajia ikawa j. Wareno mpaka leo wanaandika oxalá na wanasoma kwa sh, ukienda Msumbiji utaisikia.

Sasa meseji yako. "Ojalá volvamos algún día". Volvamos ni "turudi", kwenye lile umbo la -e, siyo lile la -nge-. Wangetaka kukwambia kwa upole kwamba hawarudi wangeandika "ojalá volviéramos", laiti tungerudi. Hawakuandika hivyo. Wamesema Mungu ajaalie turudi siku moja: hawajakata tiketi, ila mlango hawajaufunga. Hapa sasa ndo mahali pa kulitumia lile neno lako, kwa sababu nawe unatamani na huahidi kitu. Waandikie hivi: "¡Ojalá! Aquí los espero." Maana yake, iwe hivyo, nawasubiri hapa. Kwa Hispania wanaweza kusema "os espero", lakini ya kwanza inaeleweka kote na ina heshima zaidi.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi ni muuguzi Pwani ya Kenya. Tulipoletewa madaktari wa Cuba mwaka wa 2018 mmoja alikuja kwetu, nikawa nashinda naye wodini, ndo nikashika maneno mawili matatu ya Kihispania. Kila akimaliza kumwona mgonjwa alikuwa anasema "ojalá que se mejore", lakini mimi nasikia "ohalá" na h laini tu, siyo kh. Saa hizi najifunza na kitabu na kitabu hakina hiyo "que". Nani ako sawa? Na alipokuwa akiaga aliniambia "ojalá nos veamos en La Habana", nikakosa la kumjibu nikacheka tu.
Muuguzi, Kilifi

JIBU: Wote wako sawa dada, usigombane na kitabu wala na daktari. Hiyo "que" inawekwa au inaachwa, maana haibadiliki, na katika nchi za Amerika wanaipenda zaidi kuliko Hispania. Mexico utasikia mpaka "ojalá y", ojalá y venga, nayo usishtuke. Na h laini ndo lugha ya Cuba na Karibiani nzima, kh nzito ni ya Madrid. Mswahili h anayo na kh anayo, chagua ya yule unayezungumza naye. Mi ningekuwa wewe ningebaki na ya daktari wako kwa sababu umeisikia kwa mtu, akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na neno lililoingia hivyo halitoki.

"Que se mejore" ni apate nafuu, mejorar ni ya kundi la -ar, kwa hiyo a imekuwa e kama nilivyomweleza ndugu wa Arusha hapo juu. Sisi tungesema Mungu amjaalie nafuu. Na sikiliza kinyume chake, maana wodini utakihitaji: mtu akisema jambo baya linaweza kutokea, labda mgonjwa atakatwa mguu, jibu ni "¡Ojalá que no!", ambayo kwa Kiswahili siyo "natumai hapana", ni Mungu apishie mbali. Ina uzito huohuo.

Kuhusu La Habana, alisema Mungu ajaalie tuonane Havana. Jibu lilikuwa neno moja tu, "¡Ojalá!", ukilisema kwa moyo na mkazo wa mwisho linatosha, linabeba "amina" na "natamani sana" kwa pamoja. Kama una namba yake mtumie sasa, hata kama miaka imepita: "Ojalá esté bien, doctor." Natumai u mzima daktari. Hakuna daktari atakayeona umechelewa.

SWALI: Mwalimu mambo, samahani nauliza kifupi. Naona kwenye Kihispania kuna "hasta", kila mtu anajua hasta mañana, ila juzi nimekuta sentensi "hasta los niños lo saben" yaani hata watoto wanajua. Hii hasta ni hata yetu au nafananisha tu?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Ni hata yetu! Zote mbili zimetoka kwenye "hatta" ya Kiarabu, na ndo ndugu wanaofanana zaidi niliowahi kuwaona kati ya lugha hizi mbili, kwa sababu hawakurithi sura tu, wamerithi na kazi zote mbili. Kazi ya kwanza umeiona mwenyewe, hata watoto. Ya pili ni ile ya mpaka, na sisi tulikuwa nayo tumeiacha ife: wazee walisema toka asubuhi hata jioni, na Mhispania anasema "desde la mañana hasta la noche". Soma Kiswahili cha zamani utaikuta kila ukurasa.

Wapo na wengine, huyu fulani wetu kwao ni "fulano", mtu usiyetaka kumtaja jina. Rehani yetu ni ndugu wa "rehén" lakini rehén ni mateka, mtu aliyeshikiliwa mpaka kitu kilipwe, ukifikiri utaona ni wazo lilelile ila kwao kinachowekwa ni binadamu. Kadhi wetu anayeamua ndoa na mirathi kwao amekuwa "alcalde", meya wa mji. Na usije ukaona "tarifa" ukadhani ni taarifa, ingawa shina ni moja, tarifa ni bei au nauli iliyopangwa, nimeona mtu akiingia ofisini anaomba tarifa ya safari, akapewa orodha ya bei.

Kwenye hasta kuna mitego miwili. Hata yetu inaingia kwenye kukanusha, hata mmoja hakuja, yao haiingii, wanatumia "ni": no vino ni uno. Ukisema hasta hapo hawakuelewi. Na wa pili, ukiwa Mexico ukaona bango la duka limeandikwa "abre hasta las diez" usikimbie kuwahi kabla ya saa nne. Mhispania wa Madrid anaweza kulisoma kama linafunguliwa mpaka saa nne, ila Mmexico anamaanisha halifunguliwi mpaka ifike saa nne. Nenda kanywe chai kwanza.